Nyanya Niliyeruhusiwa Kumtukana

Mwezi uliopita niliwaaibisha watu kanisani. Walikuwa wametuletea kijana mmoja nadhifu, mshauri wa vijana, aje atufundishe sisi wazazi na wazee namna ya kulea watoto wa siku hizi wasije wakalemewa na mawazo. Alizungumza vizuri, simkosoi. Akafika mahali akasema kwamba kila mtoto anahitaji mtu mzima mmoja anayeweza kumkasirikia bila kuogopa. Watu wakainamisha vichwa, wakaandika. Mimi nikacheka. Hakikuwa kile kicheko cha adabu cha kufunika mdomo kwa leso. Nilicheka mpaka mama aliyeketi mbele yangu akageuka kuona kama ni mimi kweli, mwenye duka la vitambaa anayemjua. Sikuwa nikimcheka kijana wa watu. Nilikuwa nimemwona akilini nyanya yangu, kule kijijini Gesima, mikono kiunoni mlangoni pake, akiniita mwizi wa waume.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana nikikuacha hapo utadhani nililelewa na watu wasio na haya. Haya tulikuwa nayo tele. Sisi watoto wa miaka ile ya sabini ilipokuwa ikianza hatukumtazama baba usoni, hatukukalia kiti chake, na chumba cha wazazi hatukuingia hata nyumba ingeshika moto. Haya hiyo kwa Ekegusii, lugha yetu Wakisii, inaitwa chinsoni, na ilisimama kati ya mzazi na mtoto siku zote. Mambo ya moyoni hayakupita hapo. Ungeweza kumwambia mama kwamba tumbo linakuuma. Kwamba unaogopa, hapana. Naye hakukuuliza. Alikupenda kwa kukujazia sahani, na kusifiwa ndiyo kabisa usahau, kwa sababu mtoto akisifiwa ataota mapembe.

Gesima ya wakati huo ilikuwa na pareto kila upande. Ukiamka asubuhi ukungu uko chini bondeni, na huku juu maua meupe yenye kitovu cha njano yamejaa mpaka mpakani kwa jirani. Majani chai yalikuwa yameanza kuingia, kishamba hapa na kishamba pale, na wenye nayo walitembea kwa maringo kidogo. Mchana jua liliwaka, alasiri mvua ya mawe ikaja. Ilipopiga bati la shule tuliisikia kutoka nyumbani, na sisi tuliokuwa chini ya paa la nyasi tulisikia mchakacho tu, tukajiona wenye bahati. Baadaye tulitoka na vikombe kuokota barafu na kuila kabla haijayeyuka.

Nami nilikuwa na kazi. Mama alikuwa na shamba, ng'ombe, kuni, maji na hiyo pareto, kwa hiyo mtoto mchanga alipoanza kukaza shingo alikabidhiwa dada yake, au binamu, au yeyote mwenye mgongo ulio tayari. Msichana huyo aliitwa omoreri, mlezi, na mimi nilipewa kazi hiyo nikiwa na miaka saba, mdogo wangu wa kiume alipozaliwa. Usinionee huruma. Tulikuwa walezi kijiji kizima, na tulicheza kutwa na watoto wetu mgongoni. Tuliruka kamba nao. Tulikimbizana nao mpaka mtoni, vichwa vyao vikitikisika, wao wakicheka kuliko sisi. Hakuna aliyewahi kuangushwa, au niseme, aliyeangushwa hakuripotiwa nyumbani.

Huyo mdogo wangu alikuwa mzito na mkaidi, na alikuwa wangu. Hakula uji ila kutoka mkononi mwangu. Ningeuonja kwanza, niupulize, nimtazame, ndipo afungue kinywa. Akilia usingizi nilimfunga mgongoni kwa leso ya mama na kutembea kandokando ya migomba nikinguruma wimbo usio na maneno, na nilihisi uzito wake ukibadilika pale usingizi ulipomshika. Mpaka leo mgongo wangu unakumbuka mahali pale pa joto. Nilimpenda mtoto yule kwa namna ambayo sikuwahi kumwambia mtu, kwa sababu nilifikiri ndiyo kazi yenyewe.

Sasa, nyanya. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya ua wa mama, na ile haya yetu yote iliishia mlangoni pake. Kulikuwa na moshi, jiwe la kusagia wimbi, kibuyu cha maziwa yaliyoganda, na chungu cha saga. Hiyo ni mboga chungu ambayo yeye aliipika taratibu kwa maziwa mpaka uchungu ukalainika, nasi tukaila na ugali wa wimbi tukilamba vidole. Sisi tulimwita Magokoro, yaani nyanya. Babu alikuwa amefariki zamani. Na kwa desturi yetu mjukuu wa kiume ni mume wa nyanya yake, mjukuu wa kike ni mke mwenza. Ni utani, lakini utani ambao kila mtu anaufuata sawasawa. Mtu na nyanya yake wanaweza kuambiana lolote, na asiyejibu ndiye mwenye makosa.

Basi nyanya alidai kwamba mdogo wangu ni mumewe, na kwamba mimi nimemfunga mgongoni ili nimtoroshe. Kila asubuhi nilipopita uani mwake tulianza.

"Mwizi wa waume, hivi huoni miguu yako ilivyopinda? Nani atakutolea ng'ombe?"

"Na wewe meno yako uliyauza soko gani, Magokoro? Mume atakuelewaje ukimwita?"

Alicheka mpaka akashika nguzo. Nikipata tusi jipya nililibeba kuanzia mtoni nikilirudia moyoni, nisije nikalisahau kabla sijafika kwake. Mama akitusikia aliendelea kuchambua mboga kana kwamba ni kuku wanalia. Na baada ya kutukanana hivyo, mdomo ukishachangamka, mengine yalitoka yenyewe. Nilimwambia nani alinisukuma kisimani. Nilimwambia naota nini. Nilikuja kufahamu nikiwa mtu mzima kwamba hiyo ndiyo ilikuwa maana ya matusi yote yale, kuufungua mlango.

Nilipofika miaka tisa, jioni moja baba alimwambia mama, nami nikiwa pale pale nikimlisha mtoto, "Huyu amechelewa. Mwaka ukianza aende shule."

Ungedhani niliruka kwa furaha. Hadithi nyingi za wakati wetu ni za mtoto anayelilia shule na kunyimwa. Mimi nilipewa, nikaanza kuhesabu nitakachopoteza. Mtoto atakula kwa nani? Atabebwa na nani? Nami mwenyewe, jitu lenye miaka tisa, nikae darasa la kwanza na vitoto ambavyo wiki iliyopita nilikuwa navifuta kamasi? Lakini baba ameshasema. Nilijibu "ndiyo, baba," nikiangalia kikombe.

Kuanzia hapo nilinyamaza. Chakula kilikataa kushuka. Mama alidhani ni minyoo, akanichemshia mizizi michungu ambayo nikiifikiria sasa hivi ulimi unajikunja. Baba aliniona nimetulia, akaridhika kwamba nimeanza kukua. Kimya changu kilihesabiwa kuwa adabu njema, na mtu asingeweza kukiuliza swali.

Aliyekishuku ni nyanya. Nilipita uani mwake akaniambia masikio yangu yanatosha kupepetea wimbi. Nikasema, "Umeamkaje, Magokoro," nikapita. Alisimama akanitazama. Kesho yake akanitukana pua, halafu mwendo, halafu namna ninavyokula. Nikaitikia kwa heshima. Nilikuja kuambiwa kwamba alikwenda kwa mama akamwambia, "Huyu mtoto ni mgonjwa, na si wa minyoo." Mama akasema mbona ametulia tu. Nyanya akasema ndiyo huo ugonjwa.

Siku moja tulikuwa tunachuma pareto, mimi na yeye, vikapu vikiwa karibu kujaa na vidole vikinuka ile harufu inayokufanya upige chafya. Mdogo wangu alikuwa mgongoni mwangu. Nyanya akaja nyuma, akafungua fundo la leso bila kuniuliza, akamchukua.

"Mume wangu amerudi kwangu," akasema. "Wewe nenda shuleni ukaolewe na ubao. Sisi hatutakukumbuka."

Sijui kilichonipata. Nilitupa kikapu, maua yakamwagika yote, nikamfungulia mdomo. Nilimwita mzee mwenye mikono ya moshi. Nilimwambia mume hamtaki, atautema uji wake, atalia mpaka sauti ikauke na yeye hatajua la kufanya kwa sababu hajui wimbo wake. Nikamwambia atashiba kunicheka, na watoto wa darasa la kwanza pia watanicheka, na nitarudi nyumbani jioni nimkute mtoto amenisahau. Hayo ya mwisho yalitoka na machozi. Nyanya alikuwa amemweka mdogo wangu kiunoni, ananisikiliza, na uso wake umechangamka kama wa mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

Bahati yangu, au sijui ya nani, wakati huohuo njia ya juu ya shamba ilikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa jirani yetu, mzee wa kijiji. Mwingine alikuwa mwalimu mpya, mgeni kutoka Ukambani, aliyekuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kuandikisha watoto. Ekegusii hakukijua hata chembe. Akamuuliza jirani, yule msichana anasema nini. Na jirani, mtu mwaminifu sana, akamtafsiria kwa Kiswahili neno kwa neno, mikono ya moshi na kila kitu. Kumweleza kwamba ni utani hakukumjia. Nani anaelezwa kitu ambacho kila mtu anakijua?

Mwalimu alishuka shambani akiwa amevimba. "Wewe msichana! Hivyo ndivyo unavyozungumza na nyanya yako?" Akamgeukia jirani. "Mtoto kama huyu ataharibu darasa zima. Sidhani kama nitamwandika."

Kiswahili changu kilikuwa kidogo, lakini hilo nililielewa vizuri. Nilipangusa machozi. Kumbe kulikuwa na njia. Kama matusi ndiyo yanamfanya mtu aachwe nyumbani, basi matusi ninayo. Nikamgeukia nyanya na kuanza upya, safari hii kwa sauti ya kufika barabarani. Nilimtukana visigino. Nilitukana shingo yake, kibuyu chake, paa la nyumba yake linalovuja. Kila nikimaliza moja nilimtupia mwalimu jicho nione kama limefika, na jirani, maskini, alikuwa bado anatafsiri.

Nyanya alinitazama, akamtazama mwalimu, akaelewa mchezo. Akainua mkono mmoja, nami nikanyamaza. Kisha akasema naye kwa Kiswahili chake cha soko la Keroka, kile cha kuuzia ndizi.

"Mwalimu, nani ameita wewe kwa hii vita?"

"Mama, ninakutetea wewe. Mtoto anakutusi."

"Hii vita ni yetu. Mimi na yeye tumeolewa na bwana moja." Akamwonyesha mdogo wangu, ambaye alikuwa anatafuna ua la pareto. "Huyu hapa."

Mwalimu alimtazama jirani apate msaada. Jirani akatikisa kichwa kukubali kwamba ndivyo ilivyo.

"Kwetu," mwalimu akasema polepole, "mtoto akimwambia nyanya yake maneno kama hayo, tunatafuta fimbo."

"Na kwenu mtoto akinyamaza," nyanya akamuuliza, "mnatafuta nini?"

Nyanya akamweka mtoto chini, akaanza kuokota maua yangu yaliyomwagika, akiongea huku ameinama. "Baba yake hawezi ambia. Mama yake hawezi ambia. Sasa ataambia nani, ng'ombe? Mimi niko hapa ya kutukanwa. Siku mingi amenyamaza, hata mimi nikaogopa. Leo amesema yote, umekuja kumfungia mdomo. Andika yeye. Andika yeye kabisa, halafu kama anakutukana, kuja kwangu."

Uso wa mwalimu ukalegea, akacheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mwili mzima, na jirani akacheka, na mimi nikaona njia yangu ya kubaki nyumbani imefungwa. Akaniuliza jina. Nikalitaja kwa hasira.

Usifikiri nyanya aliniacha na woga wangu kwa kuwa ameshinda. Jioni ile aliniita tukagawana mume. Asubuhi atakuwa wake, alasiri wangu. Siku za kwanza nilikaa nyuma ya migomba, mahali ninaposikia kila kitu, na mtoto alilia kama nilivyotabiri. Uji aliutema. Nilitaka kutoka, na kila nikisogea nyanya aliniita mwizi bila hata kugeuka. Baadaye alinisukuma mbali zaidi, niende kuchuma pareto ya juu, kisha mtoni, kisha kwa shangazi ng'ambo ya kilima. Aliniomba nimfundishe ule wimbo wangu usio na maneno. Aliuimba vibaya, lakini mtoto alimsamehe.

Halafu ikafika asubuhi nikamwacha, nikatembea mpaka mtoni, na sikusikia kilio. Nilisimama na mtungi nikingoja. Niliporudi nilimkuta ameshika kijiti anafukuza vifaranga, uji umekwisha bakulini. Aliniona, akatabasamu, akaendelea na vifaranga vyake. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kuliko siku zote alizolia yeye. Nyanya alinifuata, akaketi chini kando yangu, na safari hiyo hakunitukana.

"Inauma," akasema. "Mtoto uliyemlea vizuri anakuacha kwa furaha. Baba yako aliniacha hivyohivyo, na wewe unakwenda kuniacha. Lia uishe, halafu tukale."

Tulikula saga. Nilikula sahani mbili.

Siku ya kwanza ya shule nilivaa gauni la bluu lililoshonwa kubwa ili nilikulie. Mdogo wangu alikuwa mlangoni kwa nyanya na kipande cha ndizi mkononi. Baba alikuwa amekwisha kuondoka, mama yuko zizini. Alinipungia mkono uliokuwa na samadi. Nikaanza kushuka njia. Nyuma yangu nikasikia, "Hilo gauni umemwibia mke wa nani?" Nikajibu bila kugeuka. Akarudisha. Tukaendelea hivyo, yeye uani na mimi njiani, sauti zikizidi kupanda kadiri nilivyokwenda, watoto wenzangu wakijipinda kwa kicheko, mpaka nikavuka kilima na sikumsikia tena. Nilifika darasani sauti imekauka. Mwalimu wa Ukambani aliponiita jina nilinong'ona tu, naye akasema anajua sababu.

Siku hizi Gesima ni majani chai mpaka mlangoni, na pareto vijana wanaijua kwa kusimuliwa. Nyumba ya nyanya ilianguka baada yake. Sililii moshi wala jiwe la kusagia, mgongo wangu hauna hamu nalo. Wala chinsoni ile ya baba na mtoto sitaki irudi jinsi ilivyokuwa. Watoto wangu walinitazama machoni na nilifurahi. Ninachokikosa ni yule mtu wa ng'ambo ya ua, ambaye kazi yake ilikuwa kutukanwa, na ambaye kimya cha mtoto kilimtisha kuliko mdomo wake.

Likizo iliyopita mjukuu wangu wa kike wa Nairobi, huyu anayeniita shosho badala ya Magokoro, alikuja kwangu Kisii. Ana miaka kumi na tatu. Ni mpole, ana heshima, na siku ya tatu nilianza kuogopa heshima hiyo. Kila nilichouliza alijibu, "Niko sawa." Chakula alikigusagusa. Basi asubuhi moja alipopita jikoni na kikombe nikaweka mikono kiunoni, nikamwambia miguu yake imepinda, nani atamtolea ng'ombe, nikangoja anirudishie.

Alisimama. Akaitazama miguu yake muda mrefu, halafu akaniangalia, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Samahani, shosho," akasema.